Siku Niliyosema Nimezima

Nakumbuka mchana mmoja wa Kawe, mwanangu, jua limesimama utosini, mie na baba yako tumechuchumaa kwenye paa la zege la ukumbi wa harusi, na mbele yetu mashine ya kupoza hewa kubwa kama kibanda cha chipsi. Wewe ulikuwa bado hujazaliwa. Mama yako mwenyewe alikuwa hajui kama huko Temeke kuna mwanamume anaitwa Salum.

Juzi ulimuuliza baba yako kwa nini vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunji, akakwambia, "Kamuulize shangazi yako Eliza." Nilipokuona umesimama mlangoni kwangu hapa Kipawa na cheti chako cha ufundi umeme mkononi, nikajua leo sina pa kujificha. Miaka yote hii nyumbani kwenu imesemwa ni ajali ya kazi, basi. Jina langu baba yako hajalitaja humo hata mara moja. Sasa amenipa kazi ya kulitaja mwenyewe, kwa sababu Jumatatu unapanda paa lako la kwanza. Haya, kaa. Chai ipo kwenye chupa hapo. Usinikatize tu, maana mie nikikatizwa napoteza njia, halafu nakuwa mkali bila sababu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Nimetoka Upareni, nimesoma chuo cha ufundi, nimepata kazi kwenye karakana ya Mzee Nassor pale Sinza, alikokuwa akifanya kazi baba yako. Mzee Nassor alikuwa wa ukoo wa Kiarabu, babu zake wote wauza duka, yeye akaamua kuachana na mizani akashika spana. Mtu mpole sana. Sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, na hilo ndilo lililokuwa likitutisha, kwa sababu ukikosea alikuwa anakuja kukaa karibu yako na kuongea taratibu mpaka utamani ardhi ipasuke.

Mie nilikuwa mwanamke peke yangu pale. Watu walikuwa wakisimama njiani kunitazama nikibeba ngazi begani. Wengine wakicheka, wengine wakisema huyu binti atachoka mwezi huu huu atafute mume. Basi nikajiapiza nitawanyamazisha kwa kasi. Kazi ya siku nzima mie naifanya nusu siku. Na kweli nilikuwa na mikono myepesi, sikudanganyi, lakini sifa zilinipanda kichwani. Nikawa naona taratibu za Mzee ni za watu wazito.

Na Mzee alikuwa na taratibu zake. Ya kwanza kabisa ilikuwa hii: hakuna fundi wake anayegusa waya wa mashine ya paani kabla hajashuka kwenye swichi kubwa, akazima kwa mkono wake, akaifunga kwa kufuli, na ufunguo akauweka mfukoni mwake mwenyewe. Si mfukoni mwa mlinzi, wala juu ya meza. Mfukoni mwake. Alikuwa akisema, ukiwa juu ya paa huoni chini, na aliye chini hakuoni wewe. Mtu anaweza kuja akakuta swichi imezimwa akadhani kuna aliyesahau, akakuwashia kwa nia njema kabisa.

Sasa ile mashine ya Kawe. Ilikuwa imetoka nchi za baridi, ina upande wa kupoza na upande wa kupasha joto. Tulicheka sana siku ilipopandishwa. Salum akasema, "Huu upande wa joto tuwapelekee ndugu zako Upareni kwenye baridi ya milimani, Eliza, sie wa Dar tunalo la bure." Lakini cheka usicheke, upande wa joto nao ulikuwa na nyaya zake, na zote ziliingia kwenye boksi moja. Ilikuwa kazi ya kutuliza akili. Siku moja kabla tulikuwa tumemaliza kuunga, tukawasha kujaribu, mashine ikanguruma vizuri, halafu ndani ya robo saa tukasikia harufu. Skrubu moja haikukaza sawasawa, waya ukapata moto mpaka gamba lake likaanza kulainika. Mzee akazima kwenye swichi ndogo ya pale pale paani, akasema kesho tutarudi tukate ncha zote tuzifunge upya.

Uelewe hapo vizuri, maana ndipo shida ilipokuwa. Ile swichi ndogo ya paani inakata umeme unaotoka kwenye swichi kwenda kwenye mashine. Lakini nyaya zinazopanda kutoka chini na kuingia kwenye swichi hiyo zinabaki na umeme. Na ncha iliyoungua ilikuwa upande huo. Huwezi kuigusa mpaka uzime chini, kwenye chumba cha umeme.

Kesho yake tulifika asubuhi. Wakati ule kulikuwa na mgawo wa umeme, nyie vijana mnausikia tu lakini sie tuliuishi. Kawe walikuwa wametangaziwa umeme hautakuwepo kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Harusi ilikuwa kesho yake Jumamosi, na mwenye ukumbi alikuwa anatuzunguka kama nzi. Mzee Nassor akasema anakwenda Kariakoo kutafuta vichwa vipya vya shaba vya kufungia nyaya. Kabla hajaingia kwenye gari akanipa kufuli, lile zito la chuma, akaniambia, "Eliza, zima kwanza, funga kufuli, ndipo mfungue boksi. Umeme uwepo usiwepo."

Salum akapanda na vifaa. Mie nikaenda chumba cha umeme, nikakuta kimefungwa. Ufunguo alikuwa nao mlinzi, mzee mmoja tukimwita Baba Joji, na Baba Joji hakuwepo. Pampu ilikuwa haifanyi kazi bila umeme, kwa hiyo alikuwa ameenda nyumba za jirani kuchota maji kwa ndoo. Nikaita. Nikagonga geti. Nikangoja pale kwenye ukuta wenye joto, jasho linanitiririka, nikitazama saa. Dakika tano, kumi. Nikaanza kuhesabu kazi iliyobaki. Nikajiambia, hivi ninazima nini? Umeme wenyewe haupo mpaka jioni. Mtaa mzima umelala. Nikatia kufuli mfukoni mwa ovaroli, nikapanda ghorofa nne kurudi juu.

Nilipofika nilikuwa nahema. Salum alikuwa ameinama anafungua skrubu za kifuniko, akaniuliza bila hata kunitazama, "Umezima?"

"Nimezima."

Hata sikulipanga, mwanangu. Lilitoka tu, kama mtu anavyojibu "salama" akiulizwa habari huku ana homa. Ningeweza kusema, mlinzi hayupo, tusubiri. Salum hata asingenuna. Lakini ningeonekana nimeshuka nimerudi bure, na mie sikupenda kuonekana hivyo.

Baba yako si mzembe. Alichukua testa akagusa nyaya zote, moja moja, na za upande wa joto pia. Taa ya testa haikuwaka. Ingewakaje? Siku ya mgawo testa haina la kukwambia. Waya uliozimwa na kufungiwa, na waya ambao umelala tu ukisubiri umeme urudi, vyote vinaonekana kimya sawasawa. Kitu pekee kilichokuwa kinatofautisha ni neno langu, na Salum alilichukua akatia mkono.

Tulifanya kazi kama nusu saa. Mie nilikuwa upande wa pili wa mashine nikiandaa waya wa ardhini. Salum alikuwa amepiga goti kwenye chuma, plaizi mkononi, ananisimulia habari za mjomba wake aliyenunua mbuzi mgonjwa. Akawa anacheka. Halafu nikasikia watoto wa mtaa wanashangilia. Unajua wanavyoshangilia umeme ukirudi, mtaa mzima kwa mara moja, ile sauti ndefu ya furaha. Nikatabasamu hata mie. Sekunde ile ile nikagundua kwamba Salum ameacha kuongea.

Hakupiga kelele. Watu wanadhani mtu akipigwa na umeme anapiga kelele. Mwili wake ulikuwa umekakamaa, macho wazi, mkono umeng'ang'ania plaizi. Swichi ya chini ilichelewa kujikata, sijui kwa nini, mpaka leo sijui. Nilitaka kumshika, na namshukuru Mungu nilikumbuka nisimshike. Kulikuwa na ubao mkavu walioacha mafundi wa zege, nikauokota nikaupiga mkono wake kwa nguvu zangu zote mpaka ukaachia. Akaanguka chali. Hakuwa anapumua.

Nilimbonyeza kifua kama tulivyofundishwa chuoni. Nilikuwa nahesabu kwa Kipare, sijui ilitoka wapi, miaka mingi sikuwa nimehesabu kwa Kipare. Nilikuwa nalia na kuhesabu. Nilimwambia Mungu achukue mikono yangu yote miwili amwachie huyu. Ilikuwa muda gani siwezi kukuambia. Alipokohoa nilimlalia kifuani nikashindwa kuinuka.

Tukio lenyewe ndilo hilo. Lakini kama lingeishia hapo, baba yako angekusimulia mwenyewe. Aibu yangu kubwa ilikuja baada ya hapo.

Mzee Nassor alirudi akatukuta tunamteremsha Salum kwenye ngazi. Mwenye ukumbi akauliza, "Si mlizima nyie?" Nikatikisa kichwa kukubali. "Basi kuna aliyewasha," akasema, na macho yakamgeukia Baba Joji, ambaye ndiyo kwanza anaingia getini na ndoo ya maji kichwani. Ufunguo wa chumba cha umeme ulikuwa umening'inia kiunoni mwake. Akaapa hajagusa kitu. Akasema, "Huyu binti hata hakuja kuchukua ufunguo kwangu, amezimaje?" Alisema ukweli mtupu mbele ya watu wote, na hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu yeye alikuwa mlinzi na mie fundi mwenye ovaroli na machozi. Wakamwambia anamsingizia mtoto wa watu. Jioni ile ile alifukuzwa. Nilimwona akitoka na godoro lake amelikunja kwa kamba. Alinitazama, wala hakuwa na hasira, alikuwa anashangaa tu. Nikageuka pembeni.

Siku tatu nilikaa na jambo hilo. Nilikuwa nakwenda hospitali, namlisha Salum uji, ananiambia asante dada. Madaktari waliuokoa mkono, lakini kiganja kilikuwa kimeungua kwa ndani, na vidole viwili wakasema havitarudi. Mkono wa kulia wa fundi, mwanangu, na mama yake mjane anamtegemea yeye. Salum akawa anasema, "Yule mlinzi Mungu amsamehe." Nami najibu, "Amina."

Siku ya nne Mzee Nassor akaniita karakana. Nikamsalimu shikamoo, akaitika, akavuta stuli akakaa karibu yangu. Akaweka kufuli mezani. Lile lile. Halina hata mkwaruzo.

"Siku ile pale hospitali ulinipa ovaroli lako nikushikie," akasema. "Lilikuwa zito upande mmoja. Kufuli lililofungwa kwenye swichi ya chini, mtu akitaka kuwasha lazima alivunje. Hili nimelikuta mfukoni mwako, halijavunjwa, na ufunguo wake."

Akalisogeza kufuli mbele yangu.

"Siku tatu nimekungoja uje mwenyewe. Binti, kutozima ni kosa la kazi, nitakufundisha mpaka uelewe, na nikishindwa nitakutafutia kazi nyingine. Lakini kusema umezima wakati hujazima, hilo mie sina chuo cha kukufundishia. Ukweli unao au huna."

Hakuongeza kitu. Akainuka kwenda kuswali adhuhuri, akaniacha na lile kufuli. Angenipiga kibao ningeshukuru.

Siku ile ile nilimtafuta Baba Joji. Nilimkuta kwa mpwa wake huku huku Kipawa, amekaa barazani anapukuchua mahindi. Nilipiga magoti nikamwambia yote. Nikamwomba twende Kawe, nikasimama mbele ya mwenye ukumbi na wafanyakazi wake wote nikayarudia maneno hayo kwa sauti, mlinzi hakuwasha, mie sikuzima. Mwenye ukumbi alinitukana matusi ambayo sitayarudia mbele yako, na nilistahili. Nafasi ya Baba Joji ilikuwa imeshachukuliwa na mtu mwingine. Njiani tukirudi nilimwomba radhi tena, akaniambia, "Binti, kazi nitapata. Jina langu ndilo lilikuwa linaniuma, na umenirudishia." Mzee Nassor alimchukua akalinda karakana yetu mpaka alipozeeka akarudi kwao.

Lakini aliyebaki ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote.

Baba yako alikuwa ameshatolewa hospitali, yuko kwa mama yake Temeke. Nilimkuta kwenye mkeka, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa nitashindwa. Nilimwambia nilikuta mlango umefungwa, nikaona uvivu kusubiri, nikarudi juu nikamdanganya. Salum akageuzia uso ukutani. Akasema, "Niliuliza, Eliza. Si nilikuuliza?"

"Uliniuliza."

"Nenda nyumbani."

Miezi mitatu hakuongea nami. Nilikuwa napeleka unga na mafuta kwa mama yake, napokelewa vizuri, yeye anaingia ndani. Sikumlaumu. Nilikuwa nalala na kuamka na lile swali lake.

Halafu asubuhi moja akaja karakana. Amejifunza kushika bisibisi kwa mkono wa kushoto. Akamsalimu Mzee, akasalimu wote, akanijia mie akasema, "Tuna kazi Msasani leo, twende." Nililia kwenye gari njia nzima na yeye akajifanya hamnazo, anatazama dirishani. Tulipofika nikashuka chumba cha umeme, nikazima, nikafunga kufuli, nikapanda nikamwonyesha ufunguo. Nikasema, "Nimezima, Salum."

Akaweka begi chini, akashuka ngazi zote, akaenda kuitazama ile swichi kwa macho yake. Akaweka na kufuli lake mwenyewe pembeni ya langu. Akarudi juu, tukaanza kazi.

Na ndivyo ilivyokuwa tangu siku hiyo mpaka tulipostaafu, mwanangu. Alinisamehe, usidhani hakunisamehe. Alinialika kwenye harusi yake, alinipa wewe nikubebe ukiwa na siku saba, nilipofiwa na mume wangu alilala hapa barazani siku tatu. Kila kitu changu alikiamini isipokuwa hilo neno moja. Kila niliposema nimezima, alishuka kwenda kutazama. Magoti yalipoanza kumsumbua alishuka vilevile, ameshika ukuta. Wala sikuwahi kumwambia asishuke. Nilikaa juu na mikono yangu mapajani nikimngoja mpaka arudi.

Sasa nasaha yangu ni hii, na uichukue ingawa inatoka kwa mtu wa aina yangu. Shuka mwenyewe. Zima mwenyewe, funga kufuli lako, andika jina lako kwenye kikaratasi ukitundike hapo, ufunguo uwe mwilini mwako. Mkiwa wawili, kufuli ziwe mbili, na asiudhike mtu. Mashine ya paani mara nyingine inalishwa na zaidi ya njia moja, upande wa kupoza kivyake na wa kupasha joto kivyake, kwa hiyo usifurahi ukizima swichi moja, fuata nyaya mpaka ujue zinatoka wapi. Testa yako ijaribu kwanza mahali unapojua kuna umeme, kisha kwenye kazi yako, kisha tena pale pa kwanza. Na umeme ukikatika mtaani, siku hiyo ndiyo uogope zaidi. Jenereta linaweza kuwashwa, umeme unaweza kurudi kabla ya saa yake, hakuna atakayepanda kukuuliza kama umemaliza. Waya wa ardhini ufunge wa kwanza na uufungue wa mwisho. Skrubu kaza, kisha rudi ukaze tena, hasa huko Kawe na Msasani ambako chumvi ya baharini inakula vyuma.

Hayo ya nyaya wamekufundisha chuoni, na mengine utajifunza kazini. Hili la pili hawakukufundisha. Kuna siku utachelewa, utakuta mlango umefungwa, jua kali, mteja anapiga kelele, na wanaume wamesimama wanakutazama waone kama mtoto wa kike anaweza kazi hii. Siku hiyo mwenzako atakuuliza, na utaona ni rahisi kusema ndiyo. Sema, "Bado." Sema, "Sijazima, mlango umefungwa, tusubiri." Wakucheke. Uonekane mzito. Hakuna aliyekufa kwa kuchekwa.

Mungu wa baba yako na Mungu wangu akutangulie Jumatatu, mwanangu. Akupe mikono mizima mpaka uzeeni, na kila unayepanda naye paani ashuke kwa miguu yake mwenyewe. Akupe ulimi ambao mtu anaweza kuuwekea uhai wake. Na ukishazima kweli, ukamwambia mwenzako umezima, halafu yeye akashuka kutazama mwenyewe, usinune. Mngoje.